Saa ya Rusumo

Jumatano, 4 Juni 2025

Sijawahi kumwambia mtu, na sijui kama nitawahi: jana walipokuwa wanampiga Fabiani, nilifurahi.

Si muda wote. Mwanzoni tu. Lakini nilifurahi, na hilo halifutiki.

Ng'ombe sita wa Mzee Kazimili walitolewa zizini usiku wa Jumatatu. Alfajiri, wakati wa kukamua, mwano, ukelele wa hatari, ukapigwa. Wanaume wakatoka kila upande wa kitongoji — fimbo, mapanga, upinde mmoja. Baba alivaa shati kinyume. Hakuna anayetaka kuwa wa mwisho kuitikia mwano. Sisi Warundi ndiyo kabisa.

Mzee Kazimili akasema, "Leteni ile mashine ya binti wa Evaristi."

Mashine yangu! Kile kiboksi nilichofunga kwenye lango la zizi tarehe 22 Mei. Kazi ya miezi mitano. Nikaifungua mbele ya watu kama mia, nikachomeka laptop ya fundi Faustini, nikaiweka juu ya kigoda. Mimi, ambaye shuleni mwalimu alikuwa ananiandika sipo wakati nimekaa mbele yake!

"Soma hiyo lekodi, mayu, binti yangu," Mzee Kazimili akasema. "Usiogope."

Nikasoma. Lango limetikisika 00:40. Tena 00:52. "Saa sita na dakika arobaini usiku," nikasema. Sauti ikatoka. Watu wote wananisikiliza mimi.

Kamanda wa sungusungu akauliza zamu ilikuwa ya nani. Kila mtu anajua. Fabiani analinda tangu jioni hadi saa saba usiku. Kaka yangu Ndizeye anampokea saa saba hadi asubuhi.

Fabiani alicheka kidogo. Alidhani ni utani. "Mzee, mimi nilikabidhi ng'ombe wote. Si Ndizeye huyo hapo? Muulizeni."

Ndizeye alikuwa anaangalia miguu yake. "Kulikuwa na giza," akasema. "Sikuhesabu."

Mtu nyuma yangu akasema mashine haina undugu na mtu. Hapo ndipo nilipofurahi. Kifua kilijaa kabisa. Imefanya kazi! Na fimbo ya kwanza ikamshukia Fabiani nyuma ya sikio wakati mimi bado natabasamu.

Sauti yake ilikuwa ndogo. Kama mtu anavunja kijiti cha kuni. Halafu zikawa nyingi. Panga lilianza kwa ubapa, baadaye si kwa ubapa. Alikuwa anaita "mama" — mtu mzima wa miaka ishirini na nne. Taya likakaa upande. Jicho la kushoto… sitaandika. Mimi niliangalia skrini. 00:40 ilikuwa pale pale, nyeupe kwenye nyeusi, safi.

Gari la polisi lilipofika alikuwa haiti tena. Wamempeleka hospitali, Biharamulo.

Jioni baba akanishika kichwa, kitu ambacho hajafanya tangu nimalize la saba. "Leo umetutoa kimasomaso," akasema. "Leo hakuna aliyesema neno Warundi."

Nimelala vizuri. Hilo nalo naliandika.

Alhamisi, 5 Juni 2025

Hakuna wa kumweleza nilivyoifanya, kwa hiyo najieleza mwenyewe. Nikimwambia mama kwamba naandika draiva, anauliza gari liko wapi.

Ni hivi. Ndani ya boksi kuna bodi ndogo, na kwenye bodi zinatoka waya mbili. Mbili tu! Moja ya data, moja ya mapigo. Vifaa vyote vimening'inia kwenye waya hizo hizo: sensa ya mtikisiko, chipu ya saa, chipu ya kumbukumbu. Kila kimoja kina anwani. Bodi inaita anwani moja. Mwenye anwani hiyo anavuta waya wa data chini, yaani anashusha umeme wake, kwa pigo moja, maana yake nipo. Asipovuta, hayupo, au amekufa. Wengine wote wananyamaza. Inaitwa I2C. Draiva ni maneno ninayoandika mimi ili bodi ijue kila kifaa kinaitwaje, kinaulizwa nini, na jibu lake linasomwaje.

Nilichokipenda ni kwamba hakuna kifaa kinachousukuma waya juu. Wote wanachoweza ni kuuvuta chini. Ukiachiwa unapanda wenyewe kwa sababu ya rezista, kipande kidogo kinachourudisha juu. Mmoja tu akiung'ang'ania chini, wote wanakuwa mabubu. Ilinitokea mwezi wa tatu. Umeme wa sola ulikatika katikati ya neno, sensa ikabaki imeshika waya, na kila nikiita hakuna anayejibu. Wiki nzima nililia. Dawa yake ni kuipigia mapigo tisa, moja moja, mpaka imalize neno lake na kuachia. Tisa. Niliisoma kwenye kitabu cha Kiingereza, nikaitafsiri kwenye daftari kwa Kiswahili ili iniingie.

Halafu sensa na saa zikawa na anwani moja, 68! Kama mwalimu aite Maria, wasimame wawili na wote waanze kujibu. Niliwahi kupata saa sitini na tatu na nusu. Nikaunganisha mguu mmoja wa sensa kwenye volti tatu, ikawa 69. Ikatulia.

Chipu za saa zilikuja mbili kwenye paketi, na dereva wa lori kutoka Kigali. Niliifuata paketi Rusumo kwa shangazi Uwimana, Jumamosi ile ya tarehe 17 Mei. Sikuweza kusubiri. Nilichomeka moja pale pale kwake kwa sababu ana umeme. Ikaitika! Nikaiwekea saa kutoka kwenye simu yangu. Ina betri yake ndogo kama kifungo, hata boksi likizima inaendelea kuhesabu.

Siku ya kufunga, fundi Faustini aliipaka tone la rangi ya kucha, nyekundu, kama anavyofanya kwenye simu za watu dukani kwake sokoni Nyakahura ili mtu asije akasema amebadilishiwa spea. Mzee Kazimili akaigusa kwa kidole. "Hii ndiyo saa yenyewe?" Ndiyo, mzee. "Nimeiona."

Nilikuwa nimejivuna siku ile. Hata leo bado kidogo.

Ijumaa, 6 Juni 2025

Wamechoma jiko la Secilia. Huyo ndiye mama yake Fabiani, sisi tunamwita Mama Fabi. Mbuzi wake wawili wamekatwa mishipa ya miguu ya nyuma na kuachwa hai. Walilia asubuhi nzima. Mama akaziba masikio kwa kanga, akaendelea kupukuchua maharage.

Mchana Mama Fabi akaja uani kwetu. Nilikuwa peke yangu, naosha vyombo.

"Shikamoo mama."

Hakuitika. "Auleria, wewe ulimwona mwanangu kwa macho?"

"Hapana mama. Ni rekodi."

"Rekodi ilimwona?"

Nikaendelea kusugua sufuria ambayo ilishatakata.

Jioni sungusungu wametangaza: ametengwa. Asisalimiwe, asipewe moto, chumvi wala maji. Atakayempa chochote, naye atengwe. Jumamosi ijayo, tarehe 14, kuna mkutano. Boksi litafunguliwa na rekodi itasomwa tena mbele ya wazee. Wakiridhika, Mama Fabi anafukuzwa kwenye shamba lake na karatasi ya rekodi inapelekwa polisi kwenye jalada la Fabiani.

Jumapili, 8 Juni 2025

Mungu wangu. Mungu wangu.

Ngoja niandike taratibu.

Boksi liko kwangu tangu Jumanne. Asubuhi nililiwasha nipange kumbukumbu kabla ya mkutano. Nikaiambia bodi ionyeshe saa ya sasa kwenye skrini, sekunde kwa sekunde. Sijawahi kuiangalia tangu Rusumo. Kumbukumbu ni ndogo, niliiamuru irekodi usiku tu, na usiku hakuna kitu kilichotokea hadi Jumatatu ile.

Kengele ya kanisa ikalia. Misa ya saa moja.

Skrini: 06:00:14.

Nikadhani wamepiga kengele mapema. Nikatoka nje. Watu wanapita wamevaa, baba anafunga tai. Simu inasema 07:01.

Nikarudi. Basi ni draiva yangu imekosea. Nilitamani iwe imekosea! Sikwenda misa, nikasema tumbo. Niliwahoji washukiwa wote. Wa kwanza: chipu hii haitoi namba nzima, inatoa makumi na mamoja kila moja peke yake, ukisoma vibaya kumi na tisa inakuwa ishirini na tano. Nimesoma sawa. Wa pili: kuna alama ndani ya rejista ya masaa, kisanduku ambamo chipu inaweka masaa, ikiwashwa saa inahesabu hadi kumi na mbili tu. Imezimwa. Wa tatu: labda nasoma rejista siyo. Hapana. Dakika ni sahihi. Sekunde sahihi. Tarehe sahihi.

Saa moja tu. Kamili. Nyuma.

Draiva haina kosa lolote.

Nimekaa chini kabla sijakumbuka, kama mwili ulikumbuka kwanza. Rusumo. Simu yangu ikiwa karibu na mto inashika mtandao wa ng'ambo, wa upande wa Kigali, na ng'ambo wako nyuma yetu kwa saa moja. Simu inajirudisha yenyewe. Kila mtu wa Rusumo anajua! Shangazi akiulizwa saa anajibu kwa swali, "Ya hapa au ya ng'ambo?" Siku ile nilimcheka. Nilipokuwa naiweka chipu, simu inasema saa nne na dakika tano, na yeye anapiga kelele jikoni kwamba chakula cha madereva cha saa sita kitachelewa. Nikajisemea shangazi ana haraka. Haikuwa saa nne. Ilikuwa saa tano.

Kwa hiyo lango halikufunguliwa saa sita na dakika arobaini.

Lilifunguliwa saa saba na dakika arobaini.

Fabiani alikuwa ameshakwenda kulala.

Jumapili, jioni

Ndizeye amekula ugali mara mbili. Amemtania mama. Nimemwangalia mikono.

Jumatatu, 9 Juni 2025

Nilimfuata ghalani. Nilikuwa nimejifunza sentensi kichwani tangu alfajiri. Nikasema saa ilikuwa nyuma, kaka, kwa saa nzima.

Nilitaka acheke. Nilitaka aulize saa gani, unaongea nini wewe.

Akauliza, "Nani mwingine anajua?"

Basi. Hapo alikuwa amemaliza kusema yote.

Nikasema hakuna. Akanishika shingo kwa mikono miwili, akanibana kwenye gunia la mahindi. Si kama kaka anavyomchapa dada. Kama mtu anayefanya kazi. Nikaona punje za mahindi karibu sana, moja ina tundu la fukusi. Nikahesabu mapigo ya moyo wangu masikioni. Sijui kwa nini. Moja, mbili. Nilipofika tisa akaachia.

Akakaa chini, akalia kamasi. "Walisema watachukua wawili tu," akasema. "Wale jamaa. Wawili tu, Auleria. Niliahidiwa pikipiki." Halafu, "Sikujua watampiga vile."

Nilimwambia ulikuwepo. Ulisema hukuhesabu.

Akanipiga ngumi ya mdomo. Jino la juu linacheza.

Jumatano, 11 Juni 2025

Baba amejua. Mdomo wangu ulivimba, akauliza, Ndizeye akaanza kudanganya, na Ndizeye hajui kumdanganya baba.

Alimpiga kwa fimbo ya mchungaji mpaka ikavunjika, akamalizia kwa mpini wa jembe. Ndizeye hakukimbia. Alijikunja pale kwenye majivu, na kila pigo lilikuwa linatoa vumbi kwenye shati lake. Mama alisema neno moja tu, kwa Kirundi, "Birahagije." Imetosha. Baba hakusikia. Aliacha alipochoka.

Nikasema, kwa sauti yangu ile isiyotoka, kwamba Jumamosi nitawaambia watu.

Baba hakunipiga. Bora angenipiga. Alikaa kwenye kigoda, damu ya Ndizeye kwenye kiganja, akaongea na kiganja.

"Nilivuka mto Ruvubu nikiwa na umri kama wako. Nyuma yangu nyumba inawaka, na waliomo ndani nilikuwa nawajua kwa sauti. Unadhani hapa watasema ni Ndizeye? Watasema ni Warundi. Watakuja na mafuta ya taa. Wewe, mama yako, wote." Akanyanyua macho. "Julai unakwenda kidato cha tano. Utakwenda. Nyamaza."

"Na Fabiani, baba?"

"Fabiani alishapigwa."

Ndizeye, kutoka kwenye majivu, mdomo umejaa mate mekundu: "Airekebishe saa. Jumamosi wakiijaribu iwe sawa. Ile 00:40 ibaki hivyo hivyo."

Na huyo ndiye waliyesema hana akili shuleni! Kwa sababu alichosema ni kweli. Chipu ndiyo shahidi pekee. Kadiri inavyoendelea kuhesabu saa moja nyuma, mtu yeyote anaweza kuiuliza na kujua. Nikiisahihisha, ushahidi umekufa, na 00:40 inabaki kuwa 00:40 mpaka Fabiani aozee gerezani.

Baba akasema, "Fanya anavyosema kaka yako."

Mama alikuwa anapukuchua maharage. Maganda yanaanguka. Hakuinua kichwa.

Alhamisi, 12 Juni 2025

Nilikwenda kwa fundi Faustini kurudisha chaja. Alikuwa Biharamulo jana kufuata spea, akapita wodini.

Fabiani yuko hai. Jicho limetolewa. Taya limefungwa kwa waya, hawezi kusema. Mkono mmoja umefungwa pingu kwenye kitanda.

"Anafanya kitu cha ajabu," fundi akasema, huku anapuliza vumbi kwenye simu ya mteja. "Mkono ulio huru anaonyesha vidole vitano, halafu viwili. Vitano, viwili. Nesi anadhani anataka namba ya simu. Mimi nikadhani labda anataka kunywa kitu, nikamtajia vyote, anakataa. Vitano, viwili."

Saba.

Saa saba. Nilikabidhi saa saba. Anasema kwa vidole kile alichosema kwa mdomo tukamvunja mdomo.

Wateja wawili walikuwa wanasubiri. Nilifungua kinywa. Jino likacheza. Nikasema, "Asante fundi," nikaondoka. Asante! Ya nini? Nilipiga kichwa changu kwenye nguzo ya kibanda cha nyanya njiani, kwa makusudi, mara mbili. Yule mama wa nyanya akasema, "We mtoto vipi, umelewa?"

Ijumaa, 13 Juni 2025

Nimefanya. Kifupi kwa sababu naogopa.

Kabla Ndizeye hajaja kusimama juu yangu, niliitoa chipu yenye alama nyekundu, nikaweka ile ya pili ya kwenye paketi. Haina rangi. Anwani ni ile ile, 68. Bodi ikaita, ikaitika. Bodi haijui kama aliyeitika ni mwingine.

Ndizeye akaja, anachechemea kwa kile kipigo. Gambuti za baba, mabuti ya mpira, miguuni kwa sababu vidole vimevimba, haviingii kwenye viatu vyake. Akaniamuru niiweke saa. Nikaiweka mbele yake. Akalinganisha na simu. Sekunde kwa sekunde. Akanipiga kofi dogo la begani, la furaha. "Dada fundi," akasema. Mwenyewe kabisa, kama zamani.

Hajui habari ya rangi ya kucha. Hakuwepo siku ile.

Mzee Kazimili alikuwepo. Alisema nimeiona.

Ile nyekundu nimeifunga kwenye nailoni mara tatu. Nikachukua mche wa sabuni ya kufulia, nikaukata katikati, nikachimba shimo kwa kijiko, nikaitia na betri yake, nikaunganisha vipande kwa maji na kidole. Huoni. Humo ndani bado ni saa ya Rusumo, inahesabu.

Kesho nitasimama nitasema. Nimejifunza sentensi.

Lakini wamesema siendi. Baba atabeba boksi, Ndizeye atasoma. Watu wataambiwa mimi naumwa.

Jumamosi, 14 Juni 2025

Wamenifungia chumbani tangu alfajiri. Kufuli ya baiskeli kwa nje. Simu ninayo, haina salio. Baba alisema kupitia mlango, "Ni kwa ajili yako." Halafu nikasikia anajisafisha koo muda mrefu.

Sabuni haipo!

Niliiweka nje chini ya dirisha, nyuma ya ndoo ya nguo chafu; sasa nachungulia kwenye ufa. Nguo hazipo, ndoo haipo, sabuni haipo. Mama ameenda mtoni kufua. Anafua nayo. Maji yakiingia kwenye ile nailoni, betri imekwisha, na saa imekwisha. Nimeng'ata mkono wangu usije ukatoka ukelele.

Mkutano ni saa tatu. Ni zizini kwa Mzee Kazimili, si mbali, upepo ukigeuka nasikia sauti ya kamanda. Saa tatu imepita. Nasikia wanapiga makofi. Nasikia kimya.

—

Mama amerudi. Sikumsikia akija. Sauti yake ikawa dirishani, chini, kama anaongea na ndoo.

"Ile sabuni ilikuwa nzito."

"Mama, usi—"

"Nimempa Mama Fabi."

Nikadhani sikusikia vizuri. Ametengwa! Hata chumvi!

"Mama, watu—"

"Walioniona wameniona. Walikuwa kumi pale mtoni." Akakamua nguo. Nikasikia maji yanaanguka. "Nimemsalimia pia. Nimemwambia asifulie. Aipeleke sokoni kwa Faustini aivunje yeye mwenyewe. Ameshaondoka, amepita njia ya juu."

"Ulijuaje?"

"Mwanangu, ulichukua kijiko changu cha chumvi ukakirudisha kinanuka sabuni."

Halafu akasema kitu ambacho sikutegemea. Alisema, "Ndizeye nimemzaa mimi. Usidhani sijui ninachofanya." Sauti ikakatika kama uzi. Akaenda kuanika nguo. Nasikia anazikung'uta moja moja, kwa nguvu, kama anazichapa.

Fundi Faustini hajui kitu. Akivunja sabuni ataona alama yake mwenyewe. Naandika hapa atakachohitaji, ukurasa huu nitauchana kama nitapata wa kumpelekea: *Fundi, ni ile chipu ya zizini. Usiiwekee saa mpya. Isome tu. Anwani 68, rejista 02 ni masaa. Linganisha na simu yako. Utaona iko nyuma saa moja kamili. Niliiwekea Rusumo, kosa ni langu. Ongeza saa moja kwenye 00:40. Fabiani anasema saba. Mwambie Mzee Kazimili aulize zamu ya nani.*

Nimeandika. Zamu ya nani. Ni kaka yangu. Mkono ulisimama hapo.

Zizini kuna kelele. Si makofi tena. Mtu mmoja anauliza kwa sauti kubwa, anauliza tena jambo lile lile. Ni Mzee Kazimili. Upepo unaleta vipande. "Iko wapi… nyekundu… mimi niliigusa…"

Wamefungua boksi.

Sauti ya baba. Siyo maneno, sauti tu.

Sasa wanakimbia. Njia yetu ina changarawe tangu kwenye mgomba wa mwisho, kila mguu unajulikana. Wa kwanza ni gambuti, mbili, nzito, moja inaburuzwa. Ndizeye. Anatweta. Yuko peke yake mbele. Nyuma yake ni katambuga, viatu vya matairi vinapiga chini pa-pa-pa, wengi, siwezi kuhesabu. Kuna mtu anapiga mwano.

Mama ameacha kukung'uta nguo.

Gambuti zimevuka uwanja. Ukurasa nimeuchana, naukunja mara nne, hauingii kwenye ufa wa dirisha, basi ndani ya sidiria. Daftari litakwenda chini ya godoro. Ndizeye anahangaika na kufuli, mnyororo unagonga mbao. Ananiita jina langu la utotoni.

Ni saa nne na dakika kumi na mbili. Saa ya hapa.